John Snow, daktari aliyetafuta chanzo halisi cha kipindupindu

Kipindupindu kinapoingia katika makazi, maneno huwa mengi. Wengine husema kimeletwa na upepo, wengine husema kimeletwa na dawa inayotiwa kwenye maji. Zaidi ya miaka 170 iliyopita, jiji la London nchini Uingereza lilikuwa na mabishano kama hayo. Daktari mmoja aliyaamua kwa kuuliza maswali nyumba kwa nyumba.

John Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, mtoto wa kwanza wa kibarua aliyekuwa na watoto tisa. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza kazi kwa daktari wa huko. Kipindupindu kilipofika eneo hilo mwaka 1831, kijana huyo alitumwa kuwahudumia wachimbaji wa makaa ya mawe wa Killingworth. Baadaye aliandika kwamba wachimbaji hukaa saa nyingi chini ya ardhi bila choo, na hula bila kunawa mikono.

Mwaka 1836 alihamia London. Alipata sifa kwa ujuzi wa kutuliza maumivu, na mwaka 1853 alimhudumia Malkia Victoria alipokuwa akijifungua.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa kipindupindu huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Tena walikuwa na takwimu. William Farr, mtakwimu wa serikali, alionyesha kuwa watu wa sehemu za chini, karibu na mto Thames, walikufa kwa wingi kuliko watu wa sehemu za juu. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na wengi waliona ni ushahidi kuwa hewa nzito ya bondeni ndiyo inayoua.

Snow hakukubali. Tangu mwaka 1849 alikuwa ameandika kuwa ugonjwa huingia kwa njia ya mdomo, hasa kupitia maji. Watu wengi wa bondeni walikunywa maji ya mto yaliyochanganyika na kinyesi. Bonde na vifo viliambatana, lakini bonde silo lililoua.

Angethibitishaje? Mwaka 1854 alipata nafasi. Kusini mwa London, kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ileile, nyumba hii kwa hii. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamishia mitambo yake juu ya mto, kabla maji taka ya jiji hayajaingia. Kampuni ya Southwark na Vauxhall iliendelea kuchota maji machafu ya jijini. Majirani walivuta hewa moja na kuishi kwenye bonde moja. Tofauti ilikuwa maji. Snow alihesabu vifo vya wiki saba za kwanza: kwa kila nyumba 10,000, Southwark na Vauxhall vifo 315, Lambeth vifo 37.

Mwaka huohuo kipindupindu kililipuka karibu na kisima cha pampu cha Broad Street, na watu zaidi ya 500 wakafa katika siku kumi. Snow alichora ramani ya vifo, lakini hakuishia hapo. Aliwatafuta watu ambao hawakulingana na picha hiyo. Nyumba ya maskini yenye watu 535, jirani kabisa na mlipuko, ilipoteza watu watano tu. Ilikuwa na kisima chake. Mjane mmoja wa Hampstead, mbali na mtaa huo, alifariki. Alikuwa akiletewa maji ya Broad Street kila siku.

Tarehe 8 Septemba viongozi wa mtaa waliondoa mpini wa pampu. Vifo viliendelea kupungua, lakini Snow hakujisifu. Alikiri kuwa vilikwisha kuanza kupungua kwa sababu watu wengi walikuwa wamekimbia.

Alifariki tarehe 16 Juni 1858, akiwa na miaka 45, kabla wengi hawajamkubali. Farr mwenyewe alikubali hoja ya maji katika mlipuko wa mwaka 1866.

Njia yake inatufaa hata leo. Klorini hupelekwa pale ambapo ugonjwa umeingia au unahofiwa, hivyo dawa na wagonjwa huonekana pamoja. Kabla ya kuilaumu, tuulize kama Snow: ni kipi kilitangulia? Wanaokunywa maji yenye dawa na majirani zao wasiokunywa, ni wapi wanaougua zaidi?

Tuchote maji yaliyotiwa dawa, tunawe mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Mwenye kuhara sana apelekwe kituo cha afya mara moja, akinywa ORS njiani.