Siti binti Saad: muuza vyungu wa Fumba aliyewaimbia wanyonge

NKOMBO, Rusizi – Kila alfajiri wanawake wa kisiwa cha Nkombo hupanda boti kwenda Kamembe, makapu ya samaki na mazao yakiwa miguuni mwao. Kutoka hapo wengi huendelea hadi mpaka wa Rusizi na kuvuka kwenda Bukavu. Wanazungumza Kihavu na majirani zao wa kisiwa cha Idjwi, Kinyarwanda katika ofisi za serikali, na Kiswahili sokoni. Kisiwa chao kinajulikana pia kwa ngoma na nyimbo, ambazo huchezwa na watu hao hao wanaovua na kuchuuza.

Mwanamke aliyekuza zaidi heshima ya wimbo wa Kiswahili naye alianza hivyo, kwa kapu na miguu. Alitoka kisiwa kingine, Unguja, na jina lake ni Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar, karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake ya Uzigua. Wote wawili walikuwa watu wa nasaba ya utumwa, na mtoto alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini sheria haikufuta dharau. Binti wa shamba wa nasaba hiyo hakuwa na shule ya kwenda wala urithi wa kutegemea. Alichorithi kwao ni kazi ya kufinyanga vyungu.

Vyungu hivyo vilipaswa kufika mjini ndipo viwe fedha. Alivibeba mwenyewe, akatembea saa nyingi kutoka Fumba, akapita mitaani akiita wateja. Husimuliwa kwamba sauti yake ilifika mbele kuliko yeye, hata wanunuzi wakajua muuza vyungu anakuja kabla hawajamwona. Kila mchuuzi anajua thamani ya kuita vizuri, ila kwa binti huyu mwito wa biashara ulikuwa ndiyo shule yake ya kwanza ya kuimba.

Kuhamia mjini

Karibu na mwaka 1911, baada ya ndoa yake ya shamba kuvunjika, alihamia mjini. Hapo alikutana na Ali Muhsin, mpigaji wa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Siku hizo taarabu ilikuwa burudani ya mabwana. Iliimbwa kwa Kiarabu, ikapigwa na wanaume, na ikasikilizwa kwenye kasri na majumba ya matajiri. Ali Muhsin alimfundisha mwanamke huyu ambaye hakujua kusoma wala kuandika, na yeye akayahifadhi yote kichwani.

Baadaye alijiunga na wapigaji Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam, Buda bin Mwendo na Mwalim Shaaban. Kwa udi, fidla na dufu wakafanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka: waliiimba taarabu kwa Kiswahili, mwanamke akiwa mbele. Ndipo jina la Mtumwa likaachwa nyuma akawa Siti, neno la Kiarabu la kumheshimu mwanamke.

Wapo waliochukizwa. Ulitungwa wimbo wa kumkebehi, kwamba alifika mjini amevaa kaniki tu, ile nguo nyeusi ya watumwa na maskini, na sasa anajiona mtu. Wengine walimcheka sura yake. Siti hakukana kwamba alikuja na kaniki. Alijibu kwa wimbo wake, kwamba thamani ya mtu ni akili na tabia, na kwamba uzuri wa sura hauna kazi kwa asiye na hayo.

Nyumba iliyo wazi Ng'ambo

Siti aliitwa kuimba kwa sultani Khalifa bin Haroub na katika nyumba za wakubwa, na huko alilipwa. Lakini makazi yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya maskini. Huko waliishi vibarua, wachukuzi, wachuuzi na wajukuu wa watumwa.

Usiku, kundi lake lilikutana nyumbani kwake kufanya mazoezi, na majirani walikuja kusikiliza. Habari za mchana, kesi za mahakamani na visa vya mtaa vilizungumzwa hapo, vikageuzwa beti, vikaimbwa. Waliokuwa wamekaa humo waliona maisha yao wenyewe yanapewa nafasi ambayo zamani ilikuwa ya masultani. Sehemu hii ya kazi yake haikuhitaji mwaliko wa tajiri. Aliifanya mwaka hadi mwaka, kwa mtaa uliomlea.

Kesi ya Kijiti

Wimbo wake unaokumbukwa zaidi ulitokana na kisa cha kweli cha miaka ya 1920. Mwanamke mgeni kutoka bara alifika Unguja, akaalikwa matembezi, na huko mtu aliyeitwa Kijiti akamuua. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Unguja na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Waingereza, lakini kila moja ilikuwa na serikali yake na mahakama yake, na maji yaliyo kati yakamfaa mkosaji. Wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, ambao walitoa habari ya mauaji, ndio waliobaki mikononi mwa mahakama, na wao wakahukumiwa.

Siti aliimba kisa hicho chote. Alimtaja muuaji kwa jina na kuonyesha jinsi hukumu ilivyowaangukia walioshuhudia. Katika nchi iliyotawaliwa na wageni, ambako mwanamke maskini hakuwa na gazeti wala wakili, wimbo ulifanya kazi ya vyote viwili. Haukumrudisha Kijiti. Ulichofanya ni kuhakikisha kwamba jina lake linajulikana kila alikoweza kujificha.

Wafanyabiashara wa mipaka ya leo hawahitaji kuelezwa uzito wa kisa hiki. Anayekopa upande mmoja na kutokomea upande wa pili, au anayemdhulumu mchuuzi akijua kwamba hana pa kushtaki ng'ambo ya mto, anatumia mwanya ule ule.

Santuri zavuka bahari

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwekwa kwenye santuri. Wenye kampuni hawakuwa na hakika kama kuna soko la nyimbo za Kiswahili. Jibu lilikuja haraka. Kufikia mwaka 1931 santuri zaidi ya 70,000 za kundi hilo zilikuwa zimeuzwa, na kampuni nyingine zikaanza kuwatafuta waimbaji wa pwani.

Gramafoni ilikuwa mali ghali, lakini moja ilitosha mtaa mzima. Ilipinduliwa mpini barazani au dukani, na watu wakakusanyika. Kwa njia hiyo sauti ya Fumba ilisikika mbali na Unguja, mahali ambapo Siti mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Kiswahili kilikuwa kimeshasafiri na misafara ya biashara hadi maziwa makuu. Sasa kilikuwa na muziki wake, ulioimbwa na mtu aliyewahi kuwa mchuuzi.

Siti aliendelea kuimba hadi uzeeni, huku wanawake wengine wakifuata njia aliyoifungua. Miongoni mwao ni Bi Kidude, aliyeziimba nyimbo za Siti duniani kote hadi kifo chake mwaka 2013. Kabla Siti hajafariki alikutana na mwandishi Shaaban Robert, aliyemsikiliza akisimulia maisha yake. Alifariki Julai 1950, akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert ulichapishwa mwaka 1958, na hadi leo ni kati ya vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vinavyohusu maisha ya mwanamke wa kawaida.

Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake miaka ya 1980, kiliita Sauti ya Siti.

Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Kongo ikafuata katika jumuiya mwaka 2022. Mikataba hiyo ilitiwa saini na viongozi, lakini lugha inayoitumikia ilibebwa mpaka hapa na watu wa vyungu na makapu, zamani kabla ya saini. Siti alikuwa mmoja wao. Mchuuzi wa Nkombo anapoita bei kwa Kiswahili katika soko la Bukavu, anaendeleza kazi ambayo binti wa Fumba aliianza akiwa na vyungu kichwani.