Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyebaki na jina la mji wa India

Ukianza kumtafuta mtu huyu kwa majina yake, utaishia India. Bombay ni mji, ule unaoitwa sasa Mumbai. Sidi ni jina waliloitwa Waafrika walioishi huko, na mpaka leo wapo wanaoitwa hivyo Gujarat na Karnataka. Mubarak ni Kiarabu, maana yake aliyebarikiwa. Majina matatu, na hakuna hata moja linalotaja kwao.

Kwao kulikuwa Uyao, kati ya pwani na Ziwa Nyasa. Tunalijua hilo kwa sababu Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, alimsikiliza akisimulia maisha yake na kuyaandika katika kitabu kilichotoka 1864. Walizungumza Kihindustani, maana wote wawili walikuwa wamekaa India, mmoja akiwa askari, mwingine mtumwa.

Alikuwa na umri wa miaka kama 12 wafanyabiashara wenye bunduki walipozingira kijiji chao, wakidai walipwe nguo na shanga walizokopesha wakati wa njaa. Hakuna aliyekuwa na cha kulipa. Watu wakakimbia, wengi wakakamatwa. Wakafungwa kwa minyororo na kamba hadi Kilwa, wakapandishwa majahazi hadi Unguja, na huko sokoni mtoto huyo akanunuliwa na Mwarabu aliyempeleka India. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja na kuingia jeshi la Sultani. Habari za baba yake hakuzipata tena.

Wewe unayefuatilia ukoo wenu, hebu angalia kilichokosekana hapo. Baba ametajwa bila jina. Kijiji nacho hakina jina. Na mama, ambaye kwa Wayao ndiye anayebeba ukoo, alifariki mwanawe akiwa mdogo mno, akabaki akimkumbuka kwa mbali tu. Laiti lingeandikwa jina la mjomba mmoja! Pengine leo kungekuwa na familia Tunduru, Masasi au ng'ambo ya Ruvuma ambayo ingesema huyu ni wetu. Ndiyo maana sisi, mzee akitusimulia habari za babu yake, humuuliza pia bibi alitoka kwa nani na kijiji gani, kwa sababu kabila peke yake halitoshi kumfikisha mtu kwao.

Baada ya hapo kumbukumbu zake ni nyingi, ila zote ni za kazi. Mwaka 1857 Speke na mwenzake Richard Burton walimkuta ngomeni Chogwe, karibu na Pangani, wakamwajiri. Akafika nao Ziwa Tanganyika, kisha akaenda na Speke mpaka ziwa ambalo sasa tunaliita Victoria. Kati ya 1860 na 1863 akasafiri na Speke na Grant mpaka Misri kwa kuufuata mto Nile. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley safarini kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Kisha akavuka bara zima na Cameron, kutoka pwani yetu mpaka Bahari ya Atlantiki, safari iliyokwisha 1875.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia medali ya fedha, na mwaka 1876 kikampa malipo ya uzeeni. Alifariki 1885. Medali ilitolewa kwa Bombay, na jina alilozaliwa nalo halikuandikwa popote.