Ludwig Wittgenstein, Askari Aliyekuwa Mwalimu wa Watoto

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya kufundisha watoto wadogo ni kazi nyepesi, na ya kuwa mtu mwenye elimu nyingi na moyo wa ujasiri hawezi kushindwa nayo. Habari za maisha ya Ludwig Wittgenstein zatuonyesha kwamba sivyo. Mtu huyu alikuwa tajiri, akaiacha mali yake; alikuwa askari asiyeikimbia mizinga; tena ahesabiwa kuwa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa karne ya 20. Walakini mbele ya watoto wa kijijini alikutana na adui aliye mgumu kuliko wale wa vitani, na adui huyo alikuwa hasira yake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1889 katika mji wa Vienna, ulio mji mkuu wa Austria. Baba yake, Karl Wittgenstein, alikuwa mwenye viwanda vya chuma cha pua, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dola ile. Nyumba yao ilikuwa kama jumba la wafalme, na watu mashuhuri wa muziki, kama Johannes Brahms, walikuwa wageni wao. Ludwig alikuwa kitinda mimba. Lakini utajiri haukuizuia misiba kuingia mlangoni. Ndugu zake wanaume watatu walijiua kwa nyakati mbalimbali, na wa nne, Paul, aliyekuwa mpiga piano, alipoteza mkono wake wa kuume vitani mwaka 1914. Tangu hapo akaendelea na kazi yake kwa mkono wa kushoto peke yake.

Mpaka umri wa miaka 14 Ludwig alifundishwa nyumbani. Kisha akapelekwa shuleni katika mji wa Linz, na baadaye katika chuo cha ufundi huko Berlin. Mwaka 1908 akavuka kwenda Manchester, Uingereza, ili achunguze habari za vyombo vya kuruka angani, ambavyo siku zile vilikuwa jambo jipya. Alipokuwa katika kazi hiyo alivutwa na maswali ya misingi ya hesabu, na mwaka 1911 akaenda Cambridge kwa mwanafalsafa Bertrand Russell. Haukupita muda mrefu, mwalimu akatambua ya kuwa amempata mwanafunzi asiye wa kawaida. Baba yake alipofariki mwaka 1913, Ludwig akarithi mali nyingi sana. Mwaka uliofuata akatoa kroni 100,000 za Austria zigawiwe washairi na wasanii wenye haja.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Ludwig hakulazimika kuwa askari, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa ngiri. Hata hivyo alijitolea mwenyewe katika siku za kwanza za vita, akaingia kikosi cha mizinga kama askari wa kawaida. Kwanza aliwekwa katika chombo kilichosafiri juu ya mto Vistula, halafu katika karakana ya mizinga huko Krakow. Lakini hakuridhika kukaa mbali na hatari. Mwaka 1916 akapelekwa kwenye mapigano yenyewe, kuwakabili majeshi ya Urusi, naye akaomba mahali penye hatari kuliko pote, yaani kituo cha mbele ambapo mlinzi hukaa usiku kucha akiangalia mizinga ya adui, na adui naye akimlenga yeye. Alipewa nishani za ushujaa, akapandishwa cheo akawa ofisa. Mwezi wa Novemba 1918 alitekwa na majeshi ya Italia, akakaa mateka mpaka Agosti 1919.

Katika mwaka wa kwanza wa vita, alipokuwa katika mji wa Tarnow, aliingia duka la vitabu akanunua kitabu kidogo cha Mrusi Leo Tolstoy, kilichoeleza Injili kwa ufupi. Tangu siku ile alikichukua kila alikokwenda, akakisoma tena na tena hata askari wenziwe wakampa jina la utani kwa ajili ya kitabu hicho. Pamoja nacho alikuwa na madaftari ambamo aliandika mawazo yake juu ya lugha na ukweli. Kitabu kilichotokana na madaftari hayo kilikamilika kabla vita havijaisha, kikapigwa chapa mwaka 1921. Huitwa Tractatus, na wenye elimu ya falsafa wanakisoma mpaka leo.

Aliporudi Vienna hakuwa mtu yule yule. Rafiki yake mpenzi wa Cambridge, David Pinsent, alikuwa amekufa katika ajali ya ndege mwaka 1918, na moyo wake ulilemewa na huzuni. Aliwaita watu wa fedha akawaagiza urithi wake wote upewe ndugu zake, asibakishe hata kidogo kwa jina lake. Wakastaajabu sana, maana walimwona kama mtu anayejiangamiza. Kisha, akiwa na umri wa miaka 30, aliyekwisha kuandika kitabu cha kuwashangaza wataalamu, akaingia chuo cha ualimu na kuketi kwenye madawati pamoja na vijana wadogo kwake kwa miaka mingi. Mwezi wa Julai 1920 akapata cheti cha kufundisha shule za msingi.

Mahali pa kwanza alipopewa pa kufundisha hakupataka. Palikuwa na bustani nzuri na chemchemi ya maji katikati, naye alitaka kijiji halisi. Basi akapelekwa Trattenbach, kijiji maskini katika milima iliyo kusini mwa Vienna. Baadaye alifundisha Puchberg, na mwisho Otterthal, jumla miaka sita, tangu 1920 hata 1926. Alikaa katika vyumba vidogo, akavaa nguo duni, akala chakula hafifu.

Ufundishaji wake haukuwa kama wa walimu wengine. Hakupenda watoto wakariri tu maneno wasiyoyafahamu. Alikusanya mifupa ya paka akaiunganisha pamoja nao, wapate kujua jinsi mwili ulivyojengwa. Aliwapeleka Vienna kuangalia majumba na mitambo, na njiani aliwauliza majina ya mimea na mawe. Kwa kuwa gari la moshi halikufika kijijini, walirudi kwa miguu usiku kupita msituni, naye akiwatuliza wale walioogopa giza. Wenye akili nyepesi aliwafundisha hata baada ya saa za shule, bila malipo. Wazazi wengine hawakufurahi, kwa kuwa walihitaji mikono ya watoto wao mashambani, tena walimtilia shaka mgeni huyu aliyekuwa tajiri akapenda umaskini.

Aliona pia ya kuwa watoto hukosea sana maandishi ya maneno, na kamusi zilizokuwapo zilikuwa kubwa na za bei ghali. Basi akawaongoza wanafunzi wake watengeneze orodha za maneno wanayoyatumia wao wenyewe, ili kila mtoto aweze kusahihisha kosa lake pasipo kumngoja mwalimu. Katika kazi hiyo ikazaliwa kamusi ndogo ya Kijerumani kwa shule za msingi, iliyopigwa chapa Vienna mwaka 1926. Katika maisha yake yote alitoa vitabu viwili tu, ile Tractatus na kamusi hii ya watoto.

Sasa yatupasa kueleza upande wa pili, maana asifiwaye nusu hajulikani. Mwalimu huyu alikosa subira. Kila asubuhi alifundisha hesabu kwa muda wa saa mbili, hata zile ngumu ambazo kwa kawaida hufundishwa wakubwa. Mtoto aliyeelewa alipendwa. Asiyeelewa alipigwa makofi, akavutwa nywele na masikio. Wazazi wa nyakati zile hawakushangaa mtoto mtukutu akiadhibiwa, lakini huyu aliwapiga hata wasio na kosa ila kutofahamu, wa kike na wa kiume. Hapo ndipo elimu yake kubwa ilipokuwa mzigo kwa wadogo. Jambo lililo jepesi machoni pake aliliona kuwa jepesi kwa kila mtu, na aliyeshindwa nalo alimhesabu kuwa mkaidi.

Mwezi wa Aprili 1926 huko Otterthal alimpiga kichwani mvulana mmoja wa miaka 11, mtoto dhaifu wa mwili. Mtoto akaanguka akazimia. Mwalimu akashikwa na hofu, akawaruhusu wengine waende nyumbani, akambeba mtoto mpaka kwa mwalimu mkuu, kisha akaondoka. Tarehe 28 Aprili akajiuzulu. Mashtaka yaliletwa. Lakini dhamiri yake ilikuwa haijaanza.

Baada ya hayo alifanya kazi ya bustani katika nyumba ya watawa, akasimamia ujenzi wa nyumba ya dada yake Margarethe mjini Vienna, na mwaka 1929 akarudi Cambridge. Huko sifa yake ikaenea, na wanafunzi walimsikiliza kwa hofu na mapenzi. Mtu mwingine angesema ya kuwa yaliyopita yamepita, na ya kuwa Otterthal ni mbali. Lakini yeye hakupata raha. Mwaka 1936 aliandika maungamo ya makosa yake, akawaendea rafiki zake mmoja mmoja akawasomea. Miongoni mwa makosa hayo lilikuwamo hili, kwamba alimpiga mtoto wa kike shuleni, na mwalimu mkuu alipomwuliza, alikana. Uongo huo ulimlemea kupita pigo lenyewe.

Wala hakukoma kwa rafiki zake. Alisafiri mpaka Otterthal, miaka kama kumi baada ya kuondoka, akapita nyumba kwa nyumba akiwatafuta wale aliowaumiza. Nao sasa walikuwa vijana waliokomaa. Mbele yao alisimama mwalimu wa chuo kikuu, akaomba msamaha. Wengine walimsamehe kwa moyo mweupe. Mmoja, aliyevutwa masikio alipokuwa msichana, alimjibu kwa sauti ya dharau tu. Naye hakujitetea, akaipokea dharau ile kama alivyoupokea msamaha.

Mwaka 1939 alichaguliwa kuwa profesa. Vita vya pili vilipokuja aliacha darasa lake, akafanya kazi ya utumishi katika hospitali ya Guy's mjini London, akiwapelekea wagonjwa dawa kitanda kwa kitanda. Alifariki Cambridge tarehe 29 Aprili 1951, siku tatu baada ya kutimiza miaka 62. Kitabu chake kikubwa cha pili kilitoka mwaka 1953, naye hakukiona. Humo mara kwa mara huuliza jinsi mtoto anavyojifunza neno, na jinsi mwalimu anavyojua kwamba mwanafunzi amefahamu. Wenye kumsoma wengi husema ya kuwa ile miaka sita ya vijijini inasikika ndani yake.

Sisi tunaofundisha, ikiwa ni shuleni au katika mafundisho ya kipaimara, na twende na habari hizi mpaka darasani. Tukimwona mtoto ameketi kimya mbele ya ubao, asiyefahamu, na mkono wetu ukianza kuinuka, tumkumbuke mtu huyu. Kitabu cha Injili alikuwa nacho, elimu alikuwa nayo, na ushujaa ulithibitishwa kwa nishani. Lakini hivyo vyote havikumpa subira. Tena ikiwa mkono umekwisha kupiga, tukumbuke safari yake ya pili ya kwenda Otterthal. Kukaa usiku mbele ya mizinga kulimpatia nishani. Kubisha hodi mlangoni pa mtoto aliyemwumiza hakukumpatia kitu, naye alikwenda.