Jackie Robinson: Wastani wa Mpigaji na Yaliyobaki Nje ya Kibaba

Msafiri anayepanda mashua Mbita kwenda Sena, katika kisiwa cha Mfangano, hukipita kwanza kisiwa cha Rusinga. Visiwa hivi viwili vya Kaunti ya Homa Bay ni makao ya Abasuba, jamii ambayo lugha yake, Olusuba, imemezwa kwa kiasi kikubwa na Kidholuo. Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya, mwanasiasa aliyeuawa jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Miongoni mwa mengi anayokumbukiwa Mboya ni safari za ndege zilizowapeleka wanafunzi wa Kiafrika vyuoni Marekani kuanzia mwaka 1959. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mmoja wa waliochangisha nauli ya wanafunzi hao alikuwa mchezaji wa besiboli, Jackie Robinson. Makala haya yanayasimulia maisha yake sambamba na kipimo ambacho mchezo huo ulikitumia kwa zaidi ya karne moja kumpima mchezaji, yaani wastani wa upigaji.

Jack Roosevelt Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 karibu na mji wa Cairo, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Wazazi wake, Jerry na Mallie, walilima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Baba aliitoroka familia Jackie akiwa bado mchanga, na mwaka 1920 mama akawachukua watoto wake hadi Pasadena, California, ambako aliwalea kwa kufanya kazi za nyumbani katika familia za Wazungu. Michezo ilikuwa katika damu ya watoto hao. Kaka yake, Mack, alishinda nishani ya fedha katika mbio za mita 200 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, nyuma ya Jesse Owens. Jackie naye, alipojiunga na Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa chuo hicho kutunukiwa heshima katika michezo minne: kandanda ya Kimarekani, mpira wa vikapu, riadha na besiboli.

Katika besiboli, hata hivyo, takwimu zake za chuoni zilikuwa duni. Msimu wa 1940 wastani wake wa upigaji ulikuwa 0.097. Ili maana ya tarakimu hiyo ieleweke, yafaa kwanza kipimo chenyewe kifafanuliwe.

Katika besiboli, mrushaji huutupa mpira naye mpigaji huujibu kwa gongo. Uwanja una vituo vinne, na mpigaji hutafuta kuvizunguka vyote hadi arejee kituo cha nyumbani, ndipo timu yake ipate alama. Akiupiga mpira na kufika salama angalau kituo cha kwanza, bila kusaidiwa na kosa la wapinzani, huhesabiwa pigo safi. Wastani wa upigaji hupatikana kwa kugawa idadi ya mapigo safi kwa idadi ya zamu rasmi za kupiga. Mwenye mapigo 3 katika zamu 10 ana wastani wa 0.300, na kwa desturi huyo huhesabiwa kuwa mpigaji hodari. Hesabu ya namna hii ilienezwa katika karne ya 19 na Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza aliyeishi New York na aliyeijua vyema kriketi, mchezo ambao tayari ulikuwa na wastani wake.

Kipimo hicho ni chepesi kukokotoa, na ndiyo sababu kikapendwa. Lakini kina mipaka. Pigo linalomfikisha mchezaji kituo cha kwanza tu lina thamani sawa na lile linalompeleka vituo vyote vinne. Mrushaji akikosea shabaha mara nne, mpigaji huruhusiwa kutembea hadi kituo cha kwanza, ila matembezi hayo hayaingii katika hesabu. Akijitoa mhanga kwa kuugusa mpira polepole ili mwenzake asogee mbele, hilo nalo haliingii. Aidha, mbio za kuiba kituo hazimo kabisa. Kwa ufupi, wastani hueleza ni mara ngapi gongo lilifaulu; hauelezi ni kwa kiasi gani mchezaji aliisaidia timu yake kushinda. Ni kibaba kinachopima nafaka ya aina moja.

Mwaka 1942 Robinson aliingizwa jeshini, na mwaka uliofuata akawa luteni wa pili. Tarehe 6 Julai 1944, katika kambi ya Hood jimboni Texas, dereva wa basi alimwamuru ahamie viti vya nyuma. Robinson alikataa, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwezi Agosti akaachiliwa bila hatia. Baada ya kutoka jeshini aliichezea Kansas City Monarchs mwaka 1945, timu ya ligi ya Wamarekani Weusi. Ligi hizo zilikuwapo kwa sababu tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 wamiliki wa timu kubwa walikuwa wamewafungia Weusi mlango, japo hapakuwa na kanuni iliyoandikwa. Mapigo ya Weusi hayakuhesabiwa na ligi kuu, wala majina yao hayakuingia katika daftari zake.

Aliyeubisha mlango huo ni Branch Rickey, kiongozi wa timu ya Brooklyn Dodgers. Tarehe 28 Agosti 1945 alikutana na Robinson, akamtaka astahimili matusi bila kulipiza kisasi. Robinson alikubali sharti hilo, zito kwa mtu aliyekuwa amekataa kuhama kiti katika basi. Mwezi Februari 1946 alimwoa Rachel Isum, waliyejuana tangu chuoni, na mwaka huohuo akaichezea Montreal Royals ya Kanada, akaongoza ligi yake kwa wastani wa 0.349.

Tarehe 15 Aprili 1947, mbele ya watazamaji zaidi ya 25,000 katika uwanja wa Ebbets Field, aliingia uwanjani akiwa na jezi nambari 42. Alikuwa Mweusi wa kwanza katika ligi kuu katika karne ya 20. Siku hiyo alikuwa na zamu rasmi 3 na hakupata pigo safi hata moja. Wastani wake ulikuwa sufuri. Hata hivyo, timu yake ikiwa nyuma kwa alama 3 kwa 2, aliugusa mpira polepole kumsogeza mwenzake, akakimbia kasi, mpinzani akakosea kuurusha, na muda mfupi baadaye Robinson akarejea kituo cha nyumbani na kuipa timu yake uongozi. Brooklyn ilishinda 5 kwa 3. Anayesoma safu ya wastani peke yake ataona sufuri na kudhani kijana alishindwa.

Msimu huo alitukanwa na wachezaji wa timu pinzani, akatumiwa barua za vitisho, na katika baadhi ya miji akanyimwa malazi katika hoteli walimolala wenzake. Hata hivyo alipata mapigo safi 175 katika zamu 590, wastani wa 0.297, akaongoza ligi yake kwa kuiba vituo 29, na akatangazwa mchezaji bora chipukizi wa mwaka. Mwaka 1949 ndio uliokuwa kilele chake. Alipata mapigo 203 katika zamu 593, yaani 0.342, wastani wa juu kuliko wote katika ligi hiyo, akaiba vituo 37, na kuteuliwa mchezaji bora wa ligi. Huyu ndiye aliyekuwa na 0.097 chuoni miaka tisa kabla.

Katika misimu yake kumi, kuanzia 1947 hadi 1956, Robinson alipata mapigo 1,518 katika zamu 4,877 za ligi kuu, sawa na 0.311. Katika muda huohuo alitembea mara 740 kwa makosa ya warushaji, na ni mara 291 tu aliposhindwa kuugusa mpira hadi akatolewa. Matembezi hayo yakijumlishwa, alifika kituoni takribani mara 41 katika kila zamu 100. Jambo la kuzingatia ni kwamba Rickey mwenyewe, akisaidiwa na mtakwimu Allan Roth, aliandika katika jarida la Life mwaka 1954 kuupinga utegemezi wa wastani wa upigaji, akisisitiza kwamba kufika kituoni kwa njia yoyote kuna thamani. Kipimo hicho cha kufika kituoni kilikubaliwa rasmi na ligi kuu mwaka 1984, miaka kumi na miwili baada ya Robinson kufariki.

Mwaka 1955 wastani wake ulishuka hadi 0.256, wa chini kuliko yote katika maisha yake ya ligi kuu. Ndio mwaka ambao Brooklyn iliishinda New York Yankees na kutwaa ubingwa wake wa kwanza wa Marekani. Katika mechi ya kwanza ya fainali hizo, Robinson mwenye umri wa miaka 36 aliiba kituo cha nyumbani machoni pa mrushaji.

Alistaafu mapema mwaka 1957, akawa makamu wa rais wa kampuni ya kahawa ya Chock full o'Nuts mjini New York, huku akishughulika na harakati za haki za raia. Ni katika kipindi hiki njia yake ilipokutana na ya Mboya. Kenya ya kikoloni haikuwa na chuo kikuu kamili, na nafasi za Makerere zilikuwa chache. Mboya alikuwa amewapatia vijana ufadhili wa masomo katika vyuo vya Marekani, lakini wengi hawakuwa na nauli. Akishirikiana na mfanyabiashara William Scheinman, alianzisha mpango wa kukodi ndege. Mwaka 1959 Robinson, pamoja na waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Mwezi Septemba mwaka huo wanafunzi 81 waliondoka Nairobi. Mwaka 1960 fedha zilipopungua, Robinson, aliyekuwa akimuunga mkono Richard Nixon katika uchaguzi wa urais, alimsihi aishawishi serikali isaidie. Hatimaye wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamesafiri. Wangari Maathai, aliyeshinda Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alikuwa katika kundi la 1960.

Robinson aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli mwaka 1962, Mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya majonzi. Kisukari kilimdhoofisha na kumpofusha karibu kabisa, na mwaka 1971 kifungua mimba wake, Jackie, alifariki katika ajali ya barabarani. Yeye mwenyewe aliaga dunia kwa maradhi ya moyo tarehe 24 Oktoba 1972, akiwa na umri wa miaka 53. Mwanawe wa pili wa kiume, David, alihamia Tanzania katika miaka ya 1980 na kulima kahawa huko Mbozi.

Mwaka 1997 timu zote za ligi kuu ziliistaafisha nambari 42. Mwaka 2024 ligi hiyo iliingiza takwimu za ligi za Weusi katika kumbukumbu zake, na mapigo ya Robinson ya mwaka 1945 yakahesabiwa. Kwa mageuzi hayo, wastani wa juu kuliko wote katika historia ya mchezo ukawa wa Josh Gibson, 0.372, ukiupita wa Ty Cobb. Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia Ebbets Field. Kasoro ya kibaba, basi, haikuwa katika ukokotoaji tu. Ilikuwa pia katika watu waliokataliwa kupimwa.

Vijana wa Mfangano na Rusinga hucheza kandanda, na huenda wengi wao hawajapata kushika gongo la besiboli. Hata hivyo, kati ya kaburi la Mboya kisiwani Rusinga na lile la Robinson mjini Brooklyn kuna uzi mmoja: saini chini ya barua ya mwaka 1959, ambayo haimo katika 0.311 ya mchezaji huyo.