George Adamson na Waigizaji Wasiotii Mchoro

Tangu miaka ya 1930, desturi ilipoanza katika studio ya Walt Disney huko California, waandaaji wengi wa filamu wamezoea kuichora filamu kabla ya kuipiga. Storibodi, yaani michoro iliyopangwa kwa mfuatano, humwonyesha mpiga picha pa kuweka kamera na mwigizaji pa kusimama. William Cameron Menzies aliichora kwa namna hiyo filamu ya Gone with the Wind, iliyotoka mwaka 1939. Utaratibu huu una sharti moja: mwigizaji autii mchoro. Aliyepewa waigizaji wasioweza kutimiza sharti hilo ni George Adamson, huko Naro Moru, kwenye njia ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki.

Adamson alizaliwa India mwaka 1906, akafika Kenya mwaka 1924. Alihangaika na kazi nyingi, kutafuta dhahabu ikiwa mojawapo, hadi alipoajiriwa na Idara ya Wanyamapori mwaka 1938. Mwaka 1944 alimwoa Joy. Mwaka 1956 alimuua simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba simba yule alikuwa akilinda watoto watatu. Mmoja wao, Elsa, alilelewa na Joy na kurudishwa mwituni, na kitabu cha Joy kuhusu kisa hicho, Born Free, kikatoka mwaka 1960.

Filamu ya kitabu hicho ilipigwa Naro Moru mwaka 1964 na 1965, Adamson akiwa mshauri. Simba wa sarakasi, waliozoea kuamrishwa, hawakufaa. Yeye aliwapendelea simba waliokulia miongoni mwa watu, kama Boy na Girl, waliokuwa wa kikosi cha Scots Guards. Alitembea nao nyikani pamoja na waigizaji Virginia McKenna na Bill Travers, ili wazoeane kabla ya kazi. Hayo, kwa maoni yetu, ndiyo yaliyokuwa maandalizi halisi ya filamu ile, kwa kuwa kalamu haiwezi kumpangia simba pa kulala. Kamera ndiyo iliyomngoja simba. Hatari nayo haikukosekana: McKenna alivunjika kifundo cha mguu alipoangushwa na simba.

Filamu ilitoka mwaka 1966 na kutuzwa Oscar mbili, zote za muziki. Simba wengi walioigiza walipelekwa kwenye bustani za wanyama, ingawa hadithi yenyewe ilisifu uhuru. Adamson aliruhusiwa kuwachukua Boy, Girl na Ugas, akawafunza maisha ya mwituni huko Meru. Mwaka 1970 alihamia Kora pamoja na Boy aliyekuwa amejeruhiwa. Mwaka uliofuata Boy alimuua msaidizi wa Adamson, na mzee akalazimika kumpiga risasi simba aliyemlea mwenyewe.

Hakuiacha kazi hiyo. Tarehe 20 Agosti 1989, akiwa na umri wa miaka 83, aliuawa na majambazi huko Kora alipokwenda kumwokoa mgeni wake. Alizikwa huko huko, karibu na ndugu yake Terence.