Mekatilili wa Menza: Shosh Aliyehepa Jela Kisii Akarudi Pwani kwa Miguu

Kabla uendelee kuskrol ukitafuta ni seleb gani ameachana na nani wiki hii, nipee dakika tano tu. Leo sikuchapii stori ya sosholaiti. Leo ni stori ya shosh mmoja wa Kilifi aliyesumbua gava ya Mwingereza mpaka ikambeba kutoka Pwani ikaenda kumtupa Kisii. Na bado akarudi. Kwa miguu.

Jina lake unalijua. Ulimsoma shule ya msingi, ukamkariri, ukapita mtihani, ukamsahau. Usijali, hata mimi. Kwa kichwa yangu alikuwa jina tu kwa listi, katikati ya Koitalel na Waiyaki. Halafu tarehe 9 Agosti 2020 Google wakamwekea mchoro kwa ukurasa wao wa mbele, nikajiuliza huyu mathee alifanya nini hasa hadi Wamarekani wamkumbuke kabla yangu. Nikaanza kusoma. Chuo niliachia njiani lakini kusoma sijaacha.

Tuanze na jina lenyewe, juu hapo ndipo wengi huteleza. Alizaliwa akiitwa Mnyazi wa Menza, huko Matsara wa Tsatsu upande wa Ganze. Mekatilili ni jina la uzazi. Kwa Wagiriama, mwanamke akishapata mtoto anaitwa kwa mtoto wake, vile tu mtaani kwenu kuna Mama Brayo ambaye hakuna mtu anajua jina lake la kitambulisho. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Katilili. Kwa hivyo kila ukitaja huyu shujaa, unachosema ni Mama Katilili. Hakujiita jenerali wala malkia. Alienda vitani na jina la mtoto wake.

Kwao walikuwa watoto watano, msichana ni yeye pekee. Wenyeji husimulia kwamba kaka yake mmoja, Mwarandu, alishikwa na wafanyabiashara wa watumwa akaenda hivyo, hakuonekana tena. Hebu shika hiyo kitu vizuri kwa akili yako. Huyu ni dem aliyekua kwa boma ambalo mtoto alitolewa, akapelekwa mahali, na hapo stori ikaisha. Hakuna mwili, hakuna matanga. Kwa maoni yangu, kila kitu alichofanya baadaye kinaanzia hapo.

Aliolewa na Dyeka, akazaa, akafiwa na mume. Sasa unaweza fikiria mjane wa zama hizo alikuwa ameisha. Kumbe kwake ilikuwa kinyume. Wagiriama waliongozwa na wazee wanaume, na mke wa mtu hakusimama mbele ya baraza kutoa maoni ovyo. Lakini mjane mtu mzima, mwenye watoto, ambaye hana mume wa kumwambia anyamaze? Huyo angeweza kusema. Na Mekatilili alikuwa na mdomo, wasee.

Sasa beberu. Wagiriama wa wakati huo hawakuwa wasoto. Walikuwa wakulima wa nafaka, wakiuza mahindi yao hadi miji ya bahari, na mnazi walikuwa wanagema wenyewe. Mtu ana shamba, ana chakula, ana ganji kidogo. Kwa nini aende kuvunjika mgongo kwa shamba la mzungu? Hapo ndipo gava ilikwama. Ilitaka vijana wa kufanya kazi kwa mashamba ya wazungu na ujenzi wa miradi yake, na vijana hawakuwa na haja. Basi wakaleta kodi ya nyumba, rupia tatu kwa kila nyumba, ndiyo ulazimike kutafuta pesa. Ujanja wa zamani huo, bado unatumika.

Mwaka wa 1912 hivi gava ikamtuma afisa mmoja, Arthur Champion, akusanye kodi na kusukuma vijana kazini. Champion aliongea na wazee. Hakujua kuna shosh.

Mekatilili alitumia ngoma. Kuna ngoma ya Wagiriama inaitwa kifudu, ni ya matanga. Hii huchezi tu juu umeboeka Ijumaa jioni. Yeye akaichukua akatoka nayo, kijiji hadi kijiji, akicheza. Ukisikia kifudu unajua kuna msiba, kwa hivyo watu wanatoka kuuliza ni nani amekufa. Wakishajaa, anawaambia. Vijana wetu wanachukuliwa. Ardhi inaenda. Mila inaisha. Bila redio, bila simu, bila bango hata moja, alikuwa anajaza watu vile wanasiasa wa leo hujaza kwa kuwakodishia mabasi. Na wanawake ndio waliomfuata kwanza, juu alikuwa anaongea kitu walichojua: mwanao akitolewa kwa nyumba, si lazima arudi.

Mwaka wa 1913 watu wakakusanyika Kaya Fungo, ule msitu mtakatifu wa Wagiriama, na hapo viapo vikaliwa. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi. Hakuna kulipa kodi, hakuna kutoa vijana, hakuna kushirikiana na mzungu. Kiapo cha fisi kilikuwa noma, hata machifu waliowekwa na gava waliogopa. Kazi ya Champion ikasimama kabisa. Anaita baraza, watu hawatokei. Anataka wafanyakazi, hakuna anayejitokeza.

Sasa kuna stori moja ambayo watu wa Kilifi hawachoki kuipiga. Champion aliitisha mkutano, Mekatilili akaja na kuku na vifaranga vyake. Akamwambia mzungu achukue kifaranga kimoja. Champion akanyoosha mkono, mama kuku akamrukia akamdonoa. Basi, somo likaisha. Ukichukua hata mmoja wa watoto wetu, ndivyo utakavyopata. Wengine huongeza kwamba mzungu alikasirika akampiga kuku risasi, wengine huongeza kofi. Mimi naipenda hata bila nyongeza. Angetumia mkuki au simba kwa mfano wake, lakini alichagua kuku, kitu ambacho kila mama pale alikuwa nacho kwa uga.

Tarehe 17 Oktoba 1913 wakamnyaka, pamoja na mzee mwenzake Wanje wa Mwadorikola. Wakapelekwa Kisii. Fungua ramani uone. Kwa barabara ya leo, Kilifi mpaka Kisii ni zaidi ya kilomita 800. Mtu wa bahari, mwenye umri wa kuwa na wajukuu, anatupwa milimani kwa baridi, kati ya watu wasiojua lugha yake. Gava ilikuwa na hakika imemaliza hiyo mambo.

Tarehe 14 Januari 1914 wakahepa.

Hapa ndipo huwa nakwama kila nikifikiria. Mimi nikitoka steji hadi kwa nyumba nalalamika. Hawa wazee wawili walishika njia ya mashariki kupitia nchi wasiyoijua, nyika za simba, na askari wanawatafuta. Hakuna aliyewaandikia shajara. Hatujui usiku walilala wapi, wala ni nani aliwapa maji. Ila mtu aliwapa, hiyo ni lazima. Kuna mathee fulani njiani, labda kadhaa, waliofungulia mgeni mlango bila kujua ni nani huyo. Na siku moja Mama Katilili akatokea Ugiriama tena, mzima.

Mzungu akapandwa na hasira. Agosti 1914, wakati ule ule Uingereza inaingia vita na Ujerumani, gava ikalipua Kaya Fungo kwa baruti. Walifikiri wakivunja mahali pa viapo watavunja viapo. Badala yake Wagiriama wakachukua pinde na mishale ya sumu. Askari wa KAR wakaletwa na bunduki. Nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa kwa maelfu, watu wakauawa, na waliokuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki wakaambiwa wahame ardhi yao nzuri. Juu ya hayo yote wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa vijana 1,000 wa kazi. Sitakudanganya kwamba walishinda hiyo vita. Hawakushinda. Watu walilala njaa.

Na Mekatilili? Alinyakwa tena mwezi huo huo wa Agosti, akarudishwa uhamishoni. Vita vya watu wake vilipiganwa yeye hayupo. Hii ndiyo sehemu huwa hawaweki kwa zile video fupi za mashujaa, na mimi nadhani ndiyo ilimuuma kuliko kutembea kote kule. Ulianzisha kitu, watoto wa wenzako wanakufa kwa hicho kitu, na wewe uko mbali, umefungiwa, unasubiri habari. Kuna mama ambaye angerudi akalaumiwa.

Aliachiliwa 1919. Akarudi, na watu wakampokea. Yeye na Wanje wakarudi Kaya Fungo, Wanje akaongoza baraza la wanaume, yeye akaongoza la wanawake. Ile gava iliyotaka asisikike tena ikabaki kumwangalia akiongoza watu mahali pale pale ilipolipua. Na Waingereza wakaja kulegeza kamba, Wagiriama wakaruhusiwa kurudi kwenye ardhi ya ng'ambo ya Sabaki.

Miaka yake ya mwisho haina drama, na nashukuru. Ukishatembea kutoka Kisii una haki ya kukaa chini. Alikuwa hawe sasa, vile Wagiriama humwita bibi, mwanamke mzee ambaye watu huja kwake kuuliza.

Alifariki 1924. Kenya ilikuwa bado miaka 39 ipate uhuru. Amezikwa Bungale, huko Magarini, ndani kabisa, mbali na mahoteli ya ufuo. Ukiwa Malindi mjini utapata sanamu yake kwenye bustani iliyopewa jina lake, na watu hupiga picha hapo wakielekea kuogelea.

Na ile kaya ya baruti? Miti ilimea tena. Mwaka wa 2008 UNESCO iliweka misitu ya kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia, na kaya ya Wagiriama ni mojawapo. Wazee bado huingia kuomba.