Livingstone huko Kabambare: siku 80 ndani ya nyumba, na mingazi juu ya vilima

Kwa siku 80, tangu Julai 22 hadi Oktoba 10, 1870, David Livingstone hakutoka nje ya nyumba yake huko Bambarre, mahali ambapo watafiti wanapatambua leo kuwa Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema. Vidonda vilikuwa vinamla miguu. Kila alipoukanyaga udongo, damu na maji vilitoka, na usiku maumivu yalimnyima usingizi. Dawa iliyomsaidia ilikuwa jiwe la kijani la shaba, likisagwa na maji na kupakwa kwa unyoya. Waliobaki naye ni watu watatu tu: Chuma, Susi na Gardner. Wengine walikuwa wamemkimbia.

Kabambare inamkumbuka kama mzungu aliyetafuta mto. Lakini katika daftari zake za Maniema kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana: miti. Livingstone aliandika kwamba vilele vya milima ya huku vilivikwa taji la miti ya jamii ya mnazi, na makuti yake yakicheza na upepo. Kwa mtu aliyezaliwa mwaka 1813 Blantyre, katika Scotland yenye baridi, hilo halikuwa jambo la kupita bila kuandika.

Huko kwao miti ya namna hiyo iliishi kama mgonjwa. Kule London, katika bustani ya Kew, ilijengewa nyumba kubwa ya kioo iliyokamilika mwaka 1848, na makaa ya mawe yaliwaka ili mabomba ya maji moto yaipe joto. Mscotland mwenzake, Robert Fortune, aliyemtangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja, alijaribu njia tofauti. Mwaka 1849 alituma kutoka China miche ya mti mfupi wenye shina la nyuzinyuzi kama blanketi, unaostahimili theluji. Ulipandwa nje, bila kioo wala moto, na mmoja ulipandwa mwaka 1851 katika bustani ya Malkia Victoria huko Osborne. Mpaka leo Waingereza wanaupanda uani.

Sababu ya shida hiyo ni moja. Mti wa jamii hii hauna matawi; una moyo mmoja tu pale juu, majani yanapotokea. Baridi kali au maji ya barafu yakiingia humo, moyo unaoza na mti umekwisha. Mwembe ukikatwa unachipua, mngazi hauchipui.

Livingstone hakuwa mtu wa bustani. Alianza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, akasoma udaktari, na mwaka 1841 akafika Kuruman, Afrika Kusini, kama mmisionari. Mwaka 1855 aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya katika mto Zambezi. Aliporudi Zambezi mwaka 1858 alikuwa na John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea, ambaye baadaye akawa balozi wa Uingereza huko Zanzibar. Safari ile iliisha vibaya mwaka 1864, na mke wake, Mary, alikuwa amefia njiani. Mwaka 1866 alirudi tena, safari hii kutafuta chanzo cha Nile. Ndicho kilichomvusha ziwa Tanganyika kutoka Ujiji mwezi Julai 1869 na kumfikisha Bambarre Septemba 21.

Kilichomtesa Maniema hakikuwa baridi bali maji. Katika safari zake za kutafuta Lualaba alikuta bonde zima lililomezwa na miwale, ambayo aliiandika kwa jina alilosikia kwa wenyeji, muabe. Vikonyo vya majani yake, vinene kama mkono wa mwanaume na virefu karibu mita 6, vilikuwa vimeanguka na kuziba njia. Pa kupita palikuwa pamoja, palipofunguliwa na tembo na nyati, na nyayo za tembo zilikuwa mashimo ya matope ya kumfikia mtu mapajani. Mwale unapenda bonde lenye maji. Mngazi, yaani mchikichi, ukisimama majini muda mrefu unaugua.

Hapo ndipo daftari la Livingstone linahitaji kusomwa kwa jicho la mkulima wa Kabambare. Mngazi hauoti vizuri katika giza la pori nene. Unataka jua, na jua huletwa na panga na moto wa shamba. Mbegu huachwa na watu waliokamua mawese, au na ndege na wanyama. Ndiyo maana mingazi mingi pamoja katikati ya pori huwa alama ya kijiji, hata kama nyumba zimeshapotea. Baadhi ya yale mataji aliyoyaona juu ya vilima, basi, yaweza kuwa kazi ya wakaaji wenyewe, wala si pambo la asili tu.

Juu ya kilima mngazi hulipa gharama. Mti huu unapenda joto la nyuzi 24 hadi 28 na mvua ya mwaka karibu mzima. Usiku wa kiangazi ukipoa sana, majani mapya yanachelewa na vichane vinakawia kuiva. Lakini kuna mingazi iliyozoea. Pale Ujiji na Kigoma, ufukweni mwa ziwa, kwenye mita zaidi ya 770 na kiangazi cha miezi kadhaa, miti hii imekaa vizazi na vizazi. Mbegu za Kigoma, pamoja na nyingine za nyanda za juu za Bamenda huko Kamerun, zilipelekwa Costa Rica zikachanganywa na mingazi ya Ekona ili kupata aina zinazovumilia ubaridi na ukame. Katika miaka ya 1990 shirika la FAO liliwafikishia wakulima wa magharibi mwa Kenya miche ya namna hiyo, kwenye nchi ya juu ambako mngazi wa kawaida ungesinzia.

Livingstone hakuwa na nafasi ya kufikiri mashamba. Aliishi kwa chakula na ulinzi wa wafanyabiashara wa pwani, na watu haohao walikuwa wakichoma vijiji vya Maniema na kuchukua watumwa. Aliandika habari za moshi huo, akaendelea kuwategemea. Februari 16, 1871 aliondoka Bambarre, na mwisho wa Machi alikuwa Nyangwe, katika wilaya ya leo ya Kasongo. Julai 15, siku ya soko, watu wa mfanyabiashara Dugumbe walifyatua bunduki kati ya wanawake waliokuja kuuza bidhaa. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wakizama Lualaba. Ng'ambo ya mto vijiji viliwaka. Mzee hakutaka tena kusafiri na watu wale. Aligeuka, akafika Ujiji Oktoba 23 akiwa mifupa mitupu, na hapo Stanley akamkuta.

Lualaba haukuwa Nile. Alikufa katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake na daftari zake hadi pwani, na Aprili 18, 1874 akazikwa Westminster Abbey, London. Karatasi alizoziandika Maniema zilikuwa vipande vya magazeti na vitabu, kwa kuwa nyingine zilimwishia, na wino wa maji ya mmea ukapauka hadi maandishi yakakaribia kupotea. Watafiti wamezisoma upya katika karne hii kwa kamera za mwanga wa rangi mbalimbali.